Maneno ya Kubandika kwenye Chupa

Mwenye duka la Malindi, kule Barabara ya Lamu,
amenipa karatasi, upana wa vidole vinne.
"Mbeyu," akasema, "andika faida zake.
Watu siku hizi hawanunui utamu,
wanunua faida."

Basi nimekaa jikoni hapa Msabaha,
kalamu mkononi, sufuria mbele yangu,
sijui nianze na mnazi
au nianze na magoti ya Thoya.

Thoya hupanda kabla adhana ya Gede haijatufikia,
kotama kiunoni, kibuyu kikimgonga paja.
Karara hulichonga unene wa ukucha, si zaidi;
ukikata kwa pupa, asema, mnazi hununa,
hukupa matone kama mtu alipaye deni.
Kibuyuni hutia chokaa, ya kubanwa na vidole viwili,
maana tembo halimngoji mtu:
jua likipanda kidogo tu, tamu imeshakuwa kali,
na kali ina wateja wake mangweni.
Nawajua kwa majina.
Mmoja alikuwa baba yangu.

Hilo niandike? Halienei.

Debe zima huchemka hadi adhuhuri,
zikatoka chupa tatu na mwiko wa kulamba.
Povu la kwanza jeupe, la pili rangi ya chai,
kisha yaja yale mazito, yapasukayo polepole,
pwa, pwa,
kama mdomo wa mtu anayekula ugali wa moto.
Hapo usiondoke hata kumfunga mbuzi.
Mimi niliondoka siku moja,
nikarudi nikakuta lami.

Nuru wa zahanati alionja kwa kidole.
"Ina madini," akasema, "potasiamu, na zinki kidogo,
vitu ambavyo sukari nyeupe ya kilo haina."
Nikaanza kucheka kwa furaha.
Akanishika mkono:
"Lakini sukari ni sukari, Mbeyu.
Kijiko, si kikombe.
Na mavyaa wako mwenye kidonda cha mguu
hata hicho kijiko asipewe."

Mwenye duka ataka niandike: Hutibu kisukari.
Jirani yangu aliandika hivyo juu ya unga wa mlonge,
akajenga choo cha matofali.
Wasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji;
mimi wamenisifu kidogo tu,
na tayari nauona mkono wangu ukiutazama mtungi.

Basi niandike kuni.
Sichomi mkoko, sichomi mwarobaini;
nachoma vifuu, makumbi,
na makuti yaliyoanguka yenyewe usiku.
Mnazi wajipika.

Niandike wenye msumeno, mwaka ule wa ukame,
walivyokuja kutaka mbao, wakataja bei,
wakaitaja tena, na noti mkononi.
Thoya aliangalia juu, akaangalia noti.
Nilikuwa na deni la karo, sikusema neno.
"Hizo," akasema, "zitaisha Jumapili."

Niandike na hasara:
karara lililogemwa halizai nazi.
Ndiyo maana twagema minazi miwili, wa tatu twauacha,
wanangu wapate tui la wali
na nyuki wapate pa kutua.

Karatasi imejaa upande wa kwanza,
imejaa na upande wa gundi.
Nimechukua nyingine, nikaandika:

Asali ya tembo. Msabaha.
Haikutiwa kitu.
Kijiko kimoja.

Tone likadondoka juu ya neno "kijiko".
Nilipogeuka kutafuta kitambaa,
sisimizi walikuwa wameshafika, mstari mmoja,
kutoka dirishani hadi mezani,
na hakuna hata mmoja
aliyesoma.